Mwaka Niliochora Kutu ya Ngano

Tulimzika Mwalimu Gichuhi mwezi uliopita huko juu Mau Narok, mvua ikitishia tangu asubuhi na isinyeshe. Aliyekuwa akiongoza ratiba alitangaza kwamba mwanafunzi wa marehemu, Nekesa, angesema machache, nami nikasimama na kusema yale ambayo watu husema: kwamba alikuwa mtu wa subira, kwamba alinifundisha kupaka rangi za maji mpaka jani likakaa kwenye karatasi kama lililochumwa sasa hivi, na kwamba nimekula na kuvaa kwa kazi hiyo zaidi ya miaka thelathini. Watu wakapiga makofi. Nilipoketi, Nyambura, bintiye, aliniinamia akaninong'oneza kwamba nimeruka sehemu yenyewe. Nilijua anamaanisha ipi. Babake alikuwa amemsimulia, tena zaidi ya mara moja, na kila mara akicheka. Lakini mimi mambo yale siwezi kuyasema kwa maikrofoni kando ya jeneza. Nimeona afadhali niyaandike, polepole, nikiwa mezani kwangu mchana.

Nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilikuwa nikiandika majina ya maduka kwenye kuta za mji wa Nakuru, na pale mwenye duka alipotaka, nikimchorea na bidhaa zake. Siku moja nilikuwa ukutani, karibu na soko, nikimalizia nyanya, nikahisi kuna mtu nyuma yangu. Nilipogeuka nikamwona mzee mwembamba aliyevaa koti la suti na gamubuti, ameshika bunda la karatasi kwapani. Alisema nyanya yangu ni nzuri lakini haijakaa juu ya kitu chochote. Ukiiweka kwenye mizani, mizani haitashuka. Sikukasirika, kwa sababu nilipoitazama tena niliona ni kweli. Akanieleza kwamba kwa miaka mingi alikuwa mchoraji kwenye shamba moja la utafiti, akichora magonjwa ya mimea, kwa kuwa picha za kamera za siku zile zilikuwa zikiharibu rangi. Alikuwa amestaafu, lakini ofisi ya kilimo ilikuwa imempa kazi ya mwisho: kijitabu cha magonjwa ya ngano, cha mkulima kubeba mfukoni. Alihitaji mtu wa kumsaidia, na mtu huyo angefundishwa. Wiki mbili baadaye nilipanda Mau Narok na mkoba mmoja na blanketi.

Nyumba yao ilikuwa ya mbao, iliyobaki kutoka kwa shamba kubwa la zamani ambalo lilikuwa limekwisha kugawanywa. Nyuma yake palikuwa na chumba ambacho zamani kilikuwa cha kupozea maziwa, na hicho ndicho kilichokuwa chumba cha kazi. Kuta tatu zilikuwa na ukingo mpana wa saruji uliofika kiunoni, na sakafu iliinama kuelekea tundu la kutolea maji. Hakuna maziwa yaliyokuwa yamewekwa hapo kwa miaka, lakini mvua ikinyesha, harufu ya maziwa yaliyochacha ilipanda kutoka kwenye saruji. Kioo cha dirisha alikuwa amekipaka chokaa kidogo ili mwanga uingie sawasawa, usiwe mkali hapa na hafifu pale. Juu ya ukingo palikuwa na mitungi miwili ya maji, mmoja wa kuoshea brashi na mwingine wa maji safi, visahani vyeupe vya kuchanganyia, na brashi tatu tu. Nilidhani zingine zimefichwa. Hazikuwapo. Baridi ya kule iliingia mpaka kwenye kucha, na tulikuwa tukiacha jiko la makaa mlangoni, tukienda kuota vidole na kurudi.

Kwa siku tisa nilichora punje moja ya ngano. Sikuambiwa ni siku tisa. Niliambiwa nichore punje. Kila jioni aliitazama akaniambia kasoro moja tu, hata kama zilikuwa kumi, na kesho yake nilianza upya kwenye karatasi nyingine. Hakuniruhusu kutumia rangi nyeupe. Weupe wangu ni karatasi, alisema, na mahali nitakapotaka mng'ao sharti nipajue kabla sijalowesha brashi, kwa kuwa nikishapafunika pamepotea. Alinifundisha kutandaza rangi nyepesi kwanza, kungoja ikauke, kisha kuongeza nyingine juu yake, na nyingine. Kungoja ndiko kulikonishinda. Katika hewa ile ya ukungu karatasi ilichukua muda mrefu kukauka, nami nilikuwa naingiza brashi mapema na kuona kijani na kahawia vikiingiliana na kuwa matope. Hakunigombeza. Alikuwa akiniambia tu niende jikoni nimsaidie mkewe, Mama Nyambura, kumenya viazi, halafu nirudi.

Jikoni kwa Mama Nyambura ndiko nilikojifunza nusu ya mambo. Palikuwa na githeri ya mahindi na maharagwe, palikuwa na mukimo wa viazi vya kuponda, palikuwa na chai ya maziwa mengi, na kila Jumamosi alinipikia ugali kwa kuwa aliamini watu wa kabila langu hawashibi kwa viazi. Mwalimu hakuacha kazi hata akiwa anakula. Aliuliza kivuli cha kikombe ni cha rangi gani, nami nikisema cheusi alitikisa kichwa, nikisema kijivu alitikisa kichwa, mpaka niinamishe uso mezani na kuona kwamba kivuli kile kina kahawia ya meza na uzambarau kidogo ukingoni. Mama Nyambura alikuwa akimwambia mumewe amwache mtoto wa watu ale. Nikikumbuka sasa, naona kwamba sikuwahi tena kuketi mezani na watu waliokuwa wakizungumza kwa utulivu namna ile. Wakati huo niliona ni kawaida tu.

Ngano ilipofika magotini, kitu kilibadilika, na mwanzoni nilikifurahia. Mwalimu aliacha kunikosoa. Nilikuwa nikimpelekea kazi yangu jioni, anaishika karibu na uso, anaigeuza kuelekea dirishani, kisha anasema, "Nzuri. Endelea." Nzuri juu ya nzuri, wiki nzima, na wiki iliyofuata. Nilimwandikia mama yangu barua nikijisifu. Lakini mtu aliyezoea kuonyeshwa kasoro huanza kuzitafuta mwenyewe, nami nilikuwa naziona. Niliona jani langu limelala kama kipande cha kitambaa, niliona mshipa wa katikati umepinda, na yeye alikuwa amesema nzuri. Basi siku moja nilifanya jambo ambalo liliniaibisha kwa muda mrefu. Nilimpima mwalimu wangu. Nilichanganya kijani kibaya makusudi, kijani chenye buluu nyingi ambacho hakimo katika shamba lolote la ngano, nikapaka jani zima kwacho. Jioni alilishika, akaligeuza kuelekea mwangaza, akasema ni nzuri. Nikarudi kwenye kiti changu.

Kuanzia hapo nilianza kuitazama kazi yake, si yangu tu. Alikuwa kwenye picha ya kutu ya manjano. Kutu ya ngano ni ugonjwa unaotoa vumbi kama unga. Ukipitisha kidole kwenye jani unachafuka. Iko ya namna mbalimbali. Kutu ya manjano hupanga vidoa vyake kwa mistari myembamba, kama mshono wa cherehani, na rangi yake ni ya manjano kabisa. Kuna nyingine inayotawanya vidoa vyake ovyo, na hiyo ni ya rangi ya machungwa inayokaribia kahawia. Ile ya manjano inapenda baridi, na katika nyanda zile ilikuwa ikimaliza shamba la mtu huku mwenyewe akijiambia angoje aone. Kijitabu kilitakiwa kimfanye asingoje. Angekishika kando ya jani, alinganishe rangi, ajue. Sasa, juu ya karatasi nyeupe Mwalimu alikuwa haioni manjano. Alipaka, akaona bado, akaongeza, akaona bado, akaongeza, na mistari ile ilikuwa imefika rangi ya machungwa yaliyoiva. Umbo lilikuwa kamili, kuliko nitakavyoweza kuchora hata leo. Rangi ilikuwa ya ugonjwa mwingine.

Chumba nilicholala kilipakana na jikoni kwa ukuta wa mbao, na jioni kabla ya chakula nilikuwa nawasikia wakizungumza. Walizungumza Kikikuyu, ambacho kufikia wakati huo nilikielewa kuliko walivyodhani. Mama Nyambura alimwambia mumewe kwamba siku hiyo alikuwa amemimina chai nje ya kikombe mara mbili. Akajibu kwamba mkono ulikuwa umechoka. Mama akasema si mkono. Nikasikia kuni zikisukumwa jikoni. Halafu Mwalimu akaanza kumtaja kaka yake mkubwa, ambaye alipasuliwa jicho zamani kwa ajili ya mtoto wa jicho akarudi nyumbani akishikwa mkono, na hakuona tena. Alisema kuona hivi kunamtosha. Alisema akipoteza hata hicho kidogo, atakuwa nani katika nyumba hii, mtu wa kuelekezwa choo kilipo. Baadaye Mama Nyambura alituita mezani kwa sauti yake ya kila siku, nami nilikula nikitazama sahani.

Afisa wa kilimo alikuwa aje Alhamisi kuchukua picha nne za kwanza. Jumapili nilidanganya kwamba nina homa, na walipoenda kanisani nikachuma jani shambani, nikatandaza karatasi, nikachora kutu ya manjano mwenyewe. Sijawahi kuchora kwa hofu kama siku ile. Waliporudi ilikuwa imekauka na iko chini ya godoro langu. Mpango wangu ulikuwa rahisi: Alhamisi asubuhi ningebadilisha, yake ningeificha, afisa angeondoka na yangu, na Mwalimu asingejua kamwe. Hata leo nadhani ungefaulu. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuufuata, na sipati jibu moja. Jina litakalochapwa chini ya picha lilikuwa lake. Kulikuwa na picha nyingine nyingi zilizobaki, na ningelazimika kuiba kila moja. Lakini kubwa zaidi, nadhani, ni kwamba nilijiona nikimpa picha yangu mkononi, nikimwambia ndiyo Mwalimu, hii ni yako, na yeye akiigeuza kuelekea dirishani kama afanyavyo. Nikashindwa kujiona nikifanya hivyo halafu nikae naye mezani.

Jumatano, baada ya uji, nilipanga vitu vitatu juu ya saruji: jani bichi lenye kutu, picha yake na yangu. Nilimwambia kuna kitu nataka akione. Kisha, kwa kuwa nilijua nikizunguka nitakosa nguvu, nilisema, "Mwalimu, jani hili ni la manjano. Picha yako imekuwa rangi ya machungwa."

Aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi, akaenda kwa moja, akaenda kwa nyingine. Akazichukua zote mbili na jani, akasimama nazo mlangoni kwenye mwanga wa nje. Alikuwa amenipa mgongo.

"Lile jani la kijani la juzi," akasema bila kugeuka. "Nilikuambia ni nzuri. Lilikuwa zuri?"

"Hapana, Mwalimu. Niliharibu makusudi."

Nilidhani atanipiga, ingawa hakuwa mtu wa kupiga. Alimwita mkewe. Mama Nyambura alikuja akijipangusa mikono kwa leso. Hakuwa na mazoea ya kuingia chumba kile. Mwalimu alimshikia picha zote mbili na jani katikati, akamuuliza ni ipi inayofanana nalo. Mama aliangalia vizuri, hakufanya haraka. Hakunitazama mimi.

"Ya Nekesa," akasema.

Mwalimu aliweka picha chini taratibu, akatoka, akashika njia ya shambani bila koti. Mimi nikaenda chumbani nikaanza kukunja blanketi. Mama Nyambura alinikuta hapo akauliza ni nani amenifukuza. Nikasema hakuna. Akanipa karai la viazi na kisu, akarudi jikoni. Nilimenya viazi vile machozi yakidondoka kwenye maji, nikiwaza kwamba nimemvua mzee wa watu kitu alichobakiwa nacho, nyumbani kwake, mbele ya mkewe. Alirudi wakati wa chakula cha mchana, akala, hakuuliza rangi ya kivuli chochote.

Alhamisi afisa alifika kwa gari la ofisi, kijana mwenye tai fupi, mwenye haraka. Nilitengeneza chai. Kutoka mlangoni nilimsikia Mwalimu akimwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba picha haziko tayari kwa sababu yeye haoni rangi tena vizuri. Afisa alishtuka, kisha akaona ya kwangu iko hapo, akaisifu, akauliza basi kwa nini kazi asipewe msichana. Mwalimu alimjibu neno ambalo bado nalisikia.

"Huyu bado hajui. Na mimi sioni. Utangoja."

Nilisimama na birika mkononi. Nilikuwa sijafukuzwa. Zaidi ya hapo, nilikuwa nimeambiwa ukweli kuhusu kazi yangu kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Afisa alipiga mahesabu ya misimu kwa vidole, akasema kwa hali ya mtambo wao wa uchapaji hata wangepata picha leo zingekaa tu, kwa hivyo wangesubiri mpaka baada ya mavuno. Akanywa chai, akaenda. Mwalimu akamwambia mkewe atafute nguo safi, wateremke Nakuru hospitali.

Nilienda nao; daktari alikuta ni mtoto wa jicho, akampasua jicho moja kesho yake. Usiku huo Mama Nyambura alilala kwetu mjini, na yeye na mama yangu wakakesha, kila mmoja akijifanya amelala. Mimi pia sikulala. Kichwani mwangu nilimwona kaka wa Mwalimu, ambaye sikuwahi kumwona, akishikwa mkono. Kama jicho lingeharibika, ulimi wangu ndio ungekuwa umemfikisha pale. Asubuhi tuliruhusiwa kuingia wodini. Nesi alikuwa akibandua bendeji kutoka jicho la kulia, akimwambia asifungue ghafla. Alifungua. Kwanza aliangalia kiganja chake, mbele na nyuma, kama mtu aliyeokota kitu. Kisha akamwangalia mkewe, akaendelea kumwangalia, mpaka Mama Nyambura akauliza kama kuna shida.

"Hicho kitambaa cha kichwa," akasema, "ni cha buluu?"

"Ni cha buluu tangu nilipokinunua."

"Mimi nilijua ni cha kijivu."

Akaanza kucheka, nesi akimkataza kutikisa kichwa, naye akijaribu kutulia na kushindwa. Ukuta wa wodi ulikuwa na buluu ndani ya weupe wake, alisema. Shuka ilikuwa na buluu. Hata kivuli cha chupa ya dawa kilikuwa nayo. Mama Nyambura alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda, anacheka na kulia bila kufunika uso, mbele ya wagonjwa wote. Mimi nilitoka nikaenda kwenye korido, nikaegemea ukuta, kisha nikachuchumaa nikijifunika uso. Mtu aliyekuwa akipiga deki aliniuliza kama nimefiwa. Nilimwambia hapana, ni kinyume.

Leo kijana yeyote ana simu inayopiga picha ya jani, na mara kwa mara afisa mpya huniuliza ya nini kuchora. Mimi humwambia simu inampa jani moja la siku moja, lenye vumbi lake na kivuli chake, ilhali mimi nimeangalia majani arobaini ili nimchoree ugonjwa. Wengine huelewa. Lakini niseme ukweli, kazi hii imenifunza jambo jingine ambalo siwaambii. Nikisifiwa na mtu, namtazama kwanza macho. Sifa za wiki zile, nzuri, endelea, zilikuwa tamu, na ndani yake nilikuwa peke yangu kabisa. Sikuwa na mtu wa kuniambia nimepotea. Nimeona wachoraji wazuri wakiishi humo miaka mingi.

Wiki kadhaa zilipita kabla daktari hajamruhusu kuinama kufanya kazi. Nilikuwa nimerudi Mau Narok kabla yao, nikawa nikichora kila siku, nimepanga karatasi zangu zote kwenye ukingo wa saruji. Alipofika hakukaa. Alivua kofia, akaingia chumba cha maziwa, akasimama mbele ya kutu yangu ya manjano, ile ambayo afisa aliisifu, ambayo mimi mwenyewe niliamini ndiyo bora niliyowahi kufanya. Aliitazama bila kuishika karibu na uso. Niliweza kusikia sufuria jikoni.

"Manjano umeipata," akasema. "Lakini kivuli chini ya jani ni kichafu, hukungoja ikauke. Mshipa huu umeupitisha mahali haupiti. Na mng'ao hapa umeufunika, halafu ukajaribu kuukwaruza na wembe ukidhani sitaona."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Rudia."

Sikuthubutu kumtazama, asije akaona nimelia kwa furaha na kudhani ameniumiza. Nikatoa karatasi mpya, nikailowesha, nikaibandika ubaoni. Nyuma yangu nilimsikia akivuta kiti, akiosha brashi yake kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, na akiniambia nisimzibie mwanga.